Je, Wajua? Rosetta Tharpe, Aliyewatangulia Wafalme wa Roki

Je, wajua kwamba kabla Elvis Presley hajaingia studio kwa mara ya kwanza, na kabla Chuck Berry hajatoa santuri hata moja, mwanamke mmoja mlokole alikwishajaza uwanja wa besiboli akicharaza gitaa la umeme huku amevaa shela? Uwanja ulikuwa Griffith, jijini Washington. Tarehe ilikuwa 3 Julai 1951. Mwanamke huyo ni Sister Rosetta Tharpe, na harusi ilikuwa yake mwenyewe.

Habari za harusi hiyo zinakuja. Kwanza tujue alikotoka.

Alizaliwa 20 Machi 1915 katika mji mdogo wa Cotton Plant, jimbo la Arkansas, kusini mwa Marekani. Wazazi wake walikuwa wachuma pamba. Mama yake, Katie Bell Nubin, alikuwa mwimbaji, mpigaji wa mandolini na mwinjilisti asiyechoka safari. Rosetta alishika gitaa akiwa na umri wa miaka minne. Alipofika sita, alikuwa tayari anazunguka na mama yake kwenye mikutano ya Injili, akitangazwa kwa watu kama mtoto wa ajabu.

Kanisa lao, Church of God in Christ, lilikuwa la Kipentekoste, na lilihimiza waumini wamsifu Mungu kwa kucheza na kwa kila ala iliyokuwapo. Wanawake waliruhusiwa kuimba na kufundisha mbele ya watu. Mwanzilishi wake, Charles Harrison Mason, alikwenda Los Angeles mwaka 1907 kushiriki uamsho wa mtaa wa Azusa, uamsho uleule ambao Wapentekoste wengi wa Afrika Mashariki huutaja wanaposimulia chimbuko la imani yao. Msomaji aliyekulia kwenye kanisa la kilokole, awe Mbeya au Kisumu, hahitaji kuelezwa sana jinsi ibada inavyoweza kumlea mpiga gitaa. Jumapili baada ya Jumapili anapiga mbele ya watu wanaoitikia, wanaopiga makofi, na wasioficha pale muziki unapopwaya.

Katikati ya miaka ya 1920 mama na mwana walihamia Chicago, wakawa wanasali Roberts Temple, kwenye mtaa wa 40. Ni kanisa hilohilo lililofanya ibada ya mazishi ya Emmett Till, kijana mweusi aliyeuawa kwa chuki ya rangi mwaka 1955, mazishi yaliyoitikisa Marekani nzima.

Jina la Tharpe lilitoka wapi? Mwaka 1934, akiwa na miaka 19, aliolewa na mhubiri aliyeitwa Thomas Thorpe. Ndoa haikudumu. Mwaka 1938 alimwacha, akaenda New York na mama yake, na jina akalibeba likiwa na herufi moja iliyobadilika.

Mwaka huo wa 1938 ulikuwa wa ajabu kwake. Mwezi Oktoba alikuwa anatumbuiza Cotton Club, ukumbi uliojipatia sifa kwa wasanii weusi na wateja weupe. Tarehe 31 ya mwezi huohuo, akiwa na miaka 23, alirekodi nyimbo nne kwenye kampuni ya Decca, yeye na gitaa lake tu. Mojawapo ilikuwa "Rock Me", utunzi wa Thomas Dorsey, mzee anayeheshimiwa kama baba wa muziki wa Injili wa Wamarekani weusi. Tarehe 23 Desemba alipanda jukwaa la Carnegie Hall, katika tamasha lililoandaliwa na John Hammond kuwaonyesha watu wa New York muziki wa weusi kuanzia nyimbo za kiroho hadi jazi. Januari alikuwa mke wa mchungaji. Kufikia Krismasi magazeti yalikuwa yanamwandika.

Je, wajua kwamba aliudhi pande mbili kwa wakati mmoja? Waumini wa kanisa lake walichukia kusikia nyimbo za Bwana zikipigwa kwenye kumbi za pombe na wacheza shoo. Wapo waliomhesabu kuwa amepotea kabisa, hasa alipojiunga na bendi kubwa ya Lucky Millinder na kuimba nyimbo za kidunia kuhusu wanaume. Watu wa klabu nao walimtaka aache kabisa habari za Mungu. Hakukubaliana na upande wowote. Alirudi kanisani kila alipoweza, akaenda klabuni kila alipoitwa, na gitaa lilikuwa lilelile. Naamini hapa ndipo penye siri ya muziki wake. Ule mdundo wa ibada, watu wanapoitikiana hadi paa linatikisika, aliubeba mzima mzima akaupeleka mahali ambapo vijana walikwenda kucheza, na roki ilizaliwa mahali hapo. Ndiyo sababu pia wanahistoria walimpoteza. Waandishi wa roki walimwona ni mtu wa kanisa, na waandishi wa muziki wa kanisa walimwona ni mtu wa klabu.

Tulitazame gitaa lenyewe, maana hapo ndipo alipoonewa zaidi.

Katika bendi za dansi tunaujua mgawanyo wa kazi: kuna mpiga solo, mpiga rithimu na mpiga besi. Rosetta, katika rekodi zake za mwanzo, alikuwa peke yake, kwa hiyo rithimu na solo vyote vilitoka kwenye vidole vyake. Alikuwa akityuni nyuzi ili zikipigwa bila kubanwa zitoe sauti zinazokubaliana, mtindo wa wapiga bluzi wa Kusini, kisha juu ya msingi huo anapanda na kushuka kwa nyuzi moja moja. Akiimba mstari, gitaa linamjibu. Akinyamaza, gitaa linachukua zamu yake ya kuhubiri. Alianza na gitaa la Kampuni ya National lenye mwili wa chuma, lililotengenezwa ili lisikike ukumbini bila umeme. Baadaye alihamia gitaa la umeme, na hakulipiga kwa woga. Alipandisha amplifaya hadi sauti ikaanza kukwaruza na kunguruma, na mkwaruzo huo akautumia kama sehemu ya wimbo. Miaka mingi baadaye vijana wa Uingereza walisifiwa kwa mkwaruzo wa namna hiyo.

Sifa aliyopewa mara nyingi ni kwamba anapiga gitaa kama mwanamume. Walioisema walidhani wanamtukuza. Mimi inaniuma kila ninapoisoma, kwa sababu wanaume wengi wa wakati wake hawakuweza kupiga alivyopiga yeye, na waliokuja baadaye ndio waliopiga kama Rosetta.

Mwaka 1941, miaka 40 kabla ya stesheni ya MTV kuanzishwa, Rosetta na bendi ya Millinder walicheza katika filamu fupi za muziki. Filamu hizo ziliwekwa ndani ya mashine maalumu kwenye baa na mikahawa. Mteja anatia sarafu, anatazama wimbo mmoja. Kwenye "Lonesome Road" anaonekana wazi, akiwa mbele ya bendi ya wanaume watupu.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili sauti yake ilikwenda vitani: alirekodi santuri maalumu zilizotengenezwa kwa ajili ya wanajeshi wa Marekani waliokuwa ng'ambo.

Je, wajua wimbo ambao wengi huutaja wanapotafuta rekodi ya kwanza kabisa ya roki? Ni "Strange Things Happening Every Day", alioufanya mwaka 1944, Sammy Price akiwa kwenye piano. Mwaka 1945 ulipanda hadi nafasi ya 2 kwenye chati ya Billboard iliyotengwa kwa ajili ya muziki wa watu weusi. Wimbo wa dini kufika hapo lilikuwa jambo geni. Ubishi wa wimbo gani ni wa kwanza hautaisha, na kuna wagombea wengine wazuri. Ila usikilize piano inavyokimbia, usikilize solo inavyoingia, kisha ujiulize ni kitu gani kilichobaki kuongezwa mwaka 1955.

Mwaka 1946, Harlem, alimsikia Marie Knight akiimba katika onyesho la mwimbaji wa Injili Mahalia Jackson, akamchukua. Wawili hao walizunguka Marekani nzima, wanawake wawili weusi wakiongoza msafara wao wenyewe, na mwaka 1948 "Up Above My Head" ikawapa jina kubwa. Safari zilikuwa na adha zake. Kusini, hoteli hazikuwapokea watu weusi na migahawa haikuwahudumia, kwa hiyo Rosetta alikuwa na basi lake ambamo waliweza kulala. Je, wajua kwamba miongoni mwa waliowahi kuzunguka naye ni The Jordanaires, waimbaji wanne weupe? Kuanzia mwaka 1956 waimbaji hao ndio waliomwitikia Elvis Presley kwenye rekodi zake. Njia kutoka kwa Rosetta hadi kwa Elvis ilikuwa fupi kiasi hicho.

Kulikuwa na mvulana mmoja wa Macon, jimbo la Georgia, aliyekuwa anauza soda kwenye ukumbi wa mji. Mwaka 1947 Rosetta alimsikia akiimba nyimbo zake kabla ya onyesho, akamwita jukwaani, akamlipa. Mvulana alikuwa Richard Penniman, miaka 14. Dunia ilikuja kumjua kwa jina la Little Richard.

Johnny Cash naye, alipoingizwa kwenye Jumba la Heshima la Roki mwaka 1992, alimtaja Rosetta miongoni mwa waimbaji aliowapenda tangu utotoni. Cash alizaliwa Arkansas, jimbo lilelile.

Sasa harusi.

Mwaka 1951 wafanyabiashara wawili wa Washington, ndugu Irvin na Israel Feld, walitaka tukio kubwa la muziki, na wakaja na wazo la Rosetta kuolewa hadharani. Alisaini mkataba kabla bwana harusi hajapatikana. Baadaye akapatikana Russell Morrison, mtu aliyekuwa akifanya kazi na kundi la The Ink Spots. Zaidi ya watu 20,000 walikata tiketi kwenye uwanja wa timu ya Washington Senators. Mpambe wa bibi harusi alikuwa Marie Knight. Kiapo kikaapwa, mchungaji akabariki, kisha bibi harusi akachukua gitaa la umeme na tamasha likaanza, na fataki zikafuata. Decca walikuwapo na mitambo yao, wakarekodi ibada na muziki, wakatoa santuri.

Kuna wanaoisimulia siku hiyo kama kituko cha biashara. Mimi naiona tofauti. Mwanamke mweusi, katika mji mkuu wa nchi iliyomnyima chumba cha hoteli, alijaza uwanja mzima kwa jina lake na gitaa lake, na watu walilipa kumwona. Matamasha ya roki viwanjani yalikuwa bado hayajafikiriwa. The Beatles walicheza Shea Stadium, New York, mwaka 1965, na siku hiyo ndiyo vitabu vingi huanzia hesabu. Na hata ndoa yenyewe ilidumu: Morrison alikuwa naye hadi kifo.

Mwaka 1952 alirekodi pamoja na Red Foley, nyota mweupe wa muziki wa country, wimbo wa Injili. Mweusi na mweupe kuimba pamoja kwenye santuri moja, katika Marekani ya miaka ile, halikuwa jambo dogo.

Kisha roki ikalipuka, na yeye akabaki nje. Mwaka 1956 alikuwa na miaka 41. Kampuni zilitafuta wavulana, na ikiwezekana wavulana weupe. Waumini wengine walikuwa wamemwacha tangu alipotoa nyimbo za bluzi miaka michache nyuma. Kumbi zikapungua ukubwa, malipo yakapungua.

Ulaya ikamwita. Mwaka 1957 alizunguka Uingereza na bendi ya jazi ya Chris Barber, na kumbi zikajaa. Kisha ikaja siku ya 7 Mei 1964, siku ambayo ningependa kila mpiga gitaa kijana aitazame, kwa kuwa kamera zilikuwapo.

Televisheni ya Granada ilichukua stesheni ya reli iliyofungwa, Wilbraham Road, Manchester, ikaipamba ionekane kama stesheni ya Kusini mwa Marekani. Watazamaji waliletwa kwa treni na kuketi kwenye jukwaa la upande mmoja wa reli. Wanamuziki walikuwa upande wa pili. Mwanabluzi Muddy Waters alikuwapo, Sonny Terry na Brownie McGhee pia. Rosetta aliletwa kwa gari la farasi. Hali ya hewa ilikuwa mbaya, mvua imenyesha, sakafu ya stesheni inang'aa maji. Anashuka akiwa na koti zito, anashikwa mkono, anatembea taratibu hadi lilipo gitaa lake jeupe la Gibson, analivaa begani. Kisha anafungua na wimbo unaohusu mvua ya gharika, "Didn't It Rain". Alikuwa na miaka 49. Tazama solo inapofika: mkono wa kulia unakata nyuzi kwa nguvu, mwili unainama kidogo, uso umetulia kabisa, na ghafla anauachia mkono hewani kama mtu aliyemaliza kusema alilokuwa nalo. Ng'ambo ya reli vijana wa Kiingereza wamekaa wamejikunyata kwa baridi, wanapiga makofi.

Mwaka 1970 alipatwa na kiharusi. Kisukari kikamla mguu hadi ukakatwa. Aliendelea kuimba. Alifariki Philadelphia tarehe 9 Oktoba 1973, akiwa na miaka 58, akiwa anajiandaa kurekodi tena.

Je, wajua kwamba kwa zaidi ya miaka 30 kaburi lake, kwenye makaburi ya Northwood, Philadelphia, halikuwa na jiwe wala jina? Mwaka 2007 Gayle Wald alitoa kitabu cha maisha yake, "Shout, Sister, Shout!", na watu wakaanza kuulizana. Mwezi Januari 2008 lilifanyika tamasha la kuchangisha fedha za jiwe la kaburi, na gavana wa Pennsylvania akaitangaza 11 Januari kuwa siku ya Sister Rosetta Tharpe. Jiwe likawekwa.

Posta ya Marekani iliutangulia hata ulimwengu wa muziki wenyewe katika kumkumbuka: ilitoa stempu yenye sura yake mwaka 1998. Jumba la Heshima la Roki lilianza kuingiza wasanii mwaka 1986. Wasanii wa kundi la kwanza, akina Chuck Berry, Elvis, Little Richard na wenzao, walikuwa wanaume watupu. Aretha Franklin ndiye mwanamke wa kwanza, mwaka 1987. Rosetta aliingizwa mwaka 2018, katika fungu la waliotangulia na kuwaathiri wengine. Miaka 32 ilipita. Little Richard, mvulana wa soda, aliingia siku ya kwanza, na alistahili. Aliyemwita jukwaani alingoja hadi miaka 45 baada ya kufa kwake.

Jarida la Rolling Stone, mwaka 2003, lilichapisha orodha ya wapiga gitaa bora 100 wa wakati wote. Wanawake walikuwa wawili tu: Joni Mitchell na Joan Jett. Rosetta hakuwamo kabisa. Mwaka 2023 jarida hilohilo lilitoa orodha mpya ya watu 250, na yeye akawekwa nafasi ya 6. Rekodi zake hazikuongezeka hata moja katika miaka hiyo 20. Waliobadilika ni wasikilizaji.

Na hakuwa peke yake kati ya wanawake wapiga gitaa, ingawa alikuwa mkubwa wao. Haraka haraka:

Memphis Minnie alianza kurekodi mwaka 1929, na mapema miaka ya 1940 alikuwa tayari anatumia gitaa la umeme. "When the Levee Breaks", wimbo uliotukuzwa na bendi ya Led Zeppelin mwaka 1971, aliufanya yeye na mumewe Kansas Joe McCoy.

Peggy Jones, maarufu kama Lady Bo, aliingia bendi ya Bo Diddley mwaka 1957 kama mpiga gitaa, wakati wanawake wengi kwenye roki walipewa kipaza sauti na gauni tu.

Carol Kaye ndiye aliyepiga gitaa la rithimu kwenye "La Bamba" ya Ritchie Valens, mwaka 1958. Baadaye alishika besi na kupiga kwenye maelfu ya rekodi za studio Los Angeles. Mamilioni wamecheza muziki wake bila kujua jina lake, kwa kuwa majina ya wapigaji wa studio hayakuandikwa kwenye santuri.

Joan Jett alikataliwa na kampuni 23 za muziki. Mwaka 1980 yeye na Kenny Laguna wakaanzisha yao, Blackheart. Mwaka 1982 "I Love Rock 'n' Roll" ilikaa namba moja Marekani kwa wiki saba.

June Millington, aliyezaliwa Manila, alipiga gitaa la solo kwenye Fanny, bendi ya wanawake watupu iliyotoa albamu yake ya kwanza mwaka 1970 kupitia kampuni kubwa ya Reprise. Miaka ya 1980 alishiriki kuanzisha taasisi ya muziki kwa ajili ya wanawake na wasichana. Siku hizi ipo Goshen, jimbo la Massachusetts, na wasichana hupiga kambi huko wakati wa kiangazi: wanaunda bendi, wanatunga nyimbo, wanajifunza kuchomeka nyaya na kuendesha mitambo ya sauti wao wenyewe.